Je, Kuachishwa Kazi ni Aibu?

Kazi ni heshima ya mtu. Maneno haya twayasikia tangu utotoni, nyumbani na shuleni, nayo ni maneno ya kweli. Lakini kila neno la kweli lina kivuli chake. Ikiwa kazi ni heshima, je, mtu aliyeondolewa kazini ameondolewa na heshima yake pia? Hili ndilo swali ninalotaka tulitazame pamoja, msomaji, wewe kwa akili yako na mimi kwa yangu.

Yumkini utaniuliza kwa nini swali kama hili liletwe mbele ya kijana ambaye bado yumo darasani, wala hajapokea mshahara hata mmoja. Nina sababu mbili. Ya kwanza, wewe ni mtoto wa mtu. Huenda siku moja ukarudi nyumbani ukamkuta mzazi wako ameketi chini ya mwembe saa ambayo desturi yake ni kuwa kazini. Jinsi utakavyomtazama siku hiyo ni jambo kubwa kuliko unavyodhani. Ya pili, wewe mwenyewe utakuwa mtu mzima, na katika dunia ya sasa ni wachache waanzao kazi moja ujanani wakaimaliza uzeeni. Afadhali kulifikiri jambo mapema kwa moyo mtulivu kuliko kulifikiri siku ya msiba.

Kwanza na tutenganishe mambo ambayo watu huyachanganya. Mtu hutoka kazini kwa njia nyingi. Huweza kuiacha kazi kwa hiari yake. Huweza kufukuzwa kwa sababu ya wizi, ulevi au uvivu. Na huweza kupunguzwa, yaani kuambiwa kwamba kazi aliyokuwa akiifanya haipo tena. Katika njia ya pili aibu ina mahali pa kukaa, na hata hapo toba yaweza kuiondoa. Katika njia ya tatu aibu haina kiti. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 yenyewe yasema hivyo. Inapoeleza maana ya kupunguzwa kazini, husema kwamba ni kupotewa na kazi pasipo hiari ya mfanyakazi na pasipo kosa lake. Ndiyo maana sheria hiyo hiyo humtaka mwajiri atoe taarifa mwezi mmoja kabla, tena alipe fidia isiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka mzima wa utumishi. Aliyetumika miaka 20 astahili malipo ya siku 300. Kadhalika astahili hati ya utumishi yenye kuonyesha alianza lini, alimaliza lini na alifanya kazi gani. Mkosaji halipwi fidia kwa kosa lake. Huyu hulipwa kwa sababu yamempata asiyoyatenda.

Mimi nafundisha Marafa, upande wa bara wa Malindi, ng'ambo ya mto Sabaki. Watu wa hapa ni wakulima wa mahindi, mihogo na mananasi, lakini tangu zamani wengi wametafuta mshahara nje ya kijiji, na mshahara wa pwani umekuja na kuondoka kama maji ya bahari. Katika miaka ya 1970 kilijengwa kiwanda cha korosho mjini Kilifi, watu wakaona mikorosho yao imepata mlango wa kutokea kwenda duniani. Katika miaka ya 1990 kiwanda hicho kilikufa, na waliokuwa wakibangua korosho wakarudi makwao. Mwaka 2014, baada ya mashambulio ya magaidi katika sehemu kadha za Kenya, serikali za ng'ambo ziliwaonya raia wao juu ya safari za pwani yetu, na hoteli nyingi zikafunga milango. Zilikuwa hazijapona vema ulipokuja ugonjwa wa korona. Tarehe 25 Machi 2020 ndege za abiria kutoka ng'ambo zilizuiwa kuingia nchini, na Aprili mipaka ya Kilifi ikafungwa. Malindi, mji uliozoea wageni wa Italia, ukanyamaza. Nakuuliza, msomaji: mpishi, dobi, dereva na mtunza bustani walikuwa na kosa gani katika maradhi yaliyoizunguka dunia?

Hawakuwa na kosa. Lakini aibu waliiona. Kama hawana kosa, aibu hii hutoka wapi?

Nadhani hutoka mahali pawili. Pa kwanza ni desturi yetu ya kumtaja mtu kwa kazi yake. Kijijini petu mtu huitwa yule wa hoteli, yule wa chumvi kule Gongoni, yule wa benki. Jina hili hukaa juu ya jina alilopewa na wazazi wake hata akalisahau. Siku hoteli inapofungwa, hajui ajibu nini anapoulizwa yeye ni nani. Pa pili ni imani ya zamani kwamba kila hasara ni adhabu. Hapa Marafa liko bonde kubwa lililobomoka, lenye kuta nyekundu, nyeupe na rangi ya chungwa, nalo huitwa Nyari. Wazee husimulia kwamba mahali pale walikaa matajiri wenye ng'ombe wengi hata wakawa wanaoga maziwa. Mungu akakasirika, nchi ikawameza. Wachunguzi wa ardhi husema kwamba mvua na upepo ndivyo vilivyouchonga mchanga laini wa pale, kidogo kidogo, na vingali vinauchonga hata leo. Hadithi ya wazee ina mafunzo mema juu ya kiburi, nami sitaki uidharau. Lakini tukiitumia kwa kila jambo, itatuzoesha kuamini kwamba kila anayeporomoka ametenda dhambi. Mengine huporomoka kwa mvua tu.

Sasa nikueleze habari ya mtu mmoja, ambaye jina lake nalihifadhi. Alikuwa mpishi wa hoteli moja ya Malindi kwa miaka 19, na umri wake ulikuwa miaka 44. Hoteli ilipofungwa mwaka 2020, wafanyakazi waliambiwa wangoje kuitwa. Miezi ikapita, kisha ikaja barua ya kuwashukuru na kuwaaga. Barua hiyo aliikunja akaificha katika Kitabu. Mkewe alimwambia kwamba ameitwa tena kazini. Kila asubuhi alivaa viatu vyake vya kazi, akashika njia ya kituo cha matatu, kisha akakata kona akaenda kukaa katika shamba la mjomba wake hata jua lipungue. Kila mwisho wa mwezi alitoa sehemu ya fidia yake akaileta nyumbani, akijilipa mshahara mwenyewe kwa fedha ambazo zingemfaa kuanzia maisha mapya.

Fedha zilikwisha, kwa kuwa mtungi usioingia maji lazima ukauke. Shule zilipofunguliwa Januari 2021, binti yake alirudishwa nyumbani kwa kukosa karo. Binti huyo alikuwa mwanafunzi wangu wa kidato cha pili. Alinijia akilia, akasema, "Mwalimu, baba ana nyumba nyingine Malindi. Fedha zote zinaishia huko." Mama yake naye alikuwa ameamini hivyo, akauza mbuzi wawili pasipo kumshauri mumewe, wala hawakuwa wakila pamoja.

Nilimwendea baba yule kwa heshima zote, maana ni mkubwa kwangu, nikamweleza neno alilosema binti yake. Alitazama chini kwa kitambo kirefu. Kisha akanijibu maneno ambayo sitayasahau: "Mwalimu, afadhali waseme nina mke wa pili kuliko waseme sina kazi."

Tafakari maneno hayo. Mtu mwema, asiyemwibia mtu wala kumdanganya mkewe kwa mwanamke mwingine, aliona ni heri adhaniwe mbaya kuliko ajulikane kuwa amepata msiba. Aliichukua hasara isiyo na aibu, akaifunika kwa uongo wenye aibu. Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humwumbua. Hili nililiona kwa macho yangu.

Wala si yeye peke yake aliyeumizwa na jambo hili. Huko Austria, karibu na mji wa Vienna, kiko kijiji kiitwacho Marienthal ambacho karibu wakazi wake wote waliishi kwa kiwanda cha nguo. Kiwanda hicho kilifungwa kati ya miaka 1929 na 1930. Wachunguzi walikwenda kukaa huko, na kitabu chao kilitoka mwaka 1933. Ungedhani kwamba watu waliopata nafasi ya siku nzima wangesoma zaidi kuliko zamani. Wachunguzi walikuta kinyume chake: vitabu vilivyoazimwa katika maktaba ya kijiji vilipungua karibu nusu. Waliwapima watu walipokuwa wakipita barabarani, wakaona wanaume wanatembea polepole na kusimama mara kwa mara bila ya sababu, hali wanawake, ambao bado walikuwa na watoto, chakula na nyumba za kutazama, walipita upesi. Twajifunza kwamba mshahara si kitu pekee kinachokwenda na kazi. Huenda pia mpango wa siku, sababu ya kuamka, na watu wa kusalimiana nao. Mtu akiyapoteza haya yote kwa pamoja, kisha akajitenga na nyumba yake kwa siri, amebaki na nini cha kushika?

Huenda mtu akapinga, akasema: "Baba huyo hakuficha kwa kiburi, bali kwa huruma. Mzazi mwema hubeba mzigo peke yake ili watoto walale." Hoja hii ina nguvu, nami siipuuzi. Kuna mizigo ambayo mtoto hapasi kutwikwa. Lakini angalia matokeo. Binti yule hakulala kwa amani. Alilala akimchukia baba yake kwa kosa asilolitenda. Nyumba hutambua giza hata isipoambiwa jua limekuchwa. Kisichoelezwa hukisiwa, na aghalabu makisio huwa mabaya kuliko kweli. Kumpunguzia mtoto mzigo ni kumweleza kweli kwa kipimo cha umri wake, wala si kumjengea uongo wa kuishi ndani yake.

Jioni ile mpishi aliwaita mkewe na watoto, akaitoa barua ndani ya Kitabu, akaisoma. Mkewe, kama alivyonisimulia baadaye, alinyamaza kidogo kisha akasema, "Kumbe ni kazi tu." Wakala pamoja usiku ule.

Kweli ikishatoka nyumbani hufika sokoni, na hapo ndipo tulipoona faida ambayo hatukuitazamia. Haikupita hata mwezi, mpishi alikutana na dereva wa lori aliyekuwa akileta mboga katika hoteli yao. Hawakuwa marafiki, walijuana kwa salamu na hesabu za vikapu tu. Dereva akamwuliza habari za kazi. Zamani angemjibu, "Nzuri." Safari hii alijibu, "Kazi ilikwisha, ndugu yangu. Natafuta nyingine." Dereva akamwambia kwamba shule moja ya bweni aliyokuwa akiipelekea maharagwe yatafuta mpishi mkuu, kwa kuwa yule wa zamani amestaafu. Mpishi alikwenda na hati yake ya utumishi, akajaribiwa jikoni, akaandikwa.

Waweza kusema hii ni bahati. Lakini bahati ya namna hii ina kanuni yake. Mtaalamu wa Marekani, Mark Granovetter, aliwauliza watu wa mji wa Newton karibu na Boston jinsi walivyozipata kazi zao, na kitabu chake kilitolewa mwaka 1974. Alikuta kwamba zaidi ya nusu walipata kwa habari ya mtu waliyemjua, na tena wengi wa watoa habari hao hawakuwa marafiki wa karibu, bali watu walioonana nao mara moja moja. Sababu yake si ngumu kufahamu. Marafiki zetu wa karibu hujua tunayoyajua sisi, na husikia tunayoyasikia. Mtu wa mbali hutoka katika mazingira mengine na huleta habari ambazo sisi hatuna. Basi yule afichaye hali yake hujifungia mlango mkubwa kuliko yote, maana hakuna awezaye kumletea jibu mtu asiyeuliza swali.

Ukabaki mtihani mmoja, nao ni wa kiburi. Mtu aliyekuwa akiandaa vyakula vya Kiitaliano katika sahani nyeupe sasa alitakiwa kusonga ugali wa mamia ya wanafunzi katika masufuria makubwa, tena kwa mshahara uliopungua. Je, alishuka? Kwa hesabu ya fedha alishuka, na hadi leo mshahara wake haujafika ule wa zamani. Nisingekuwa mwaminifu kwako kama ningesema vinginevyo. Lakini ujuzi wake haukubaki hotelini. Alijua kupima unga usimwagike, kupanga ghala ili kilichotangulia kuingia kitangulie kutoka, na kuweka jiko safi hata wakati wa haraka. Wanafunzi waliokuwa wakila maharagwe yasiyoiva walianza kula yaliyoiva. Akiwa hotelini aliwashibisha watu ambao kama si yeye wangekula kwingine. Hapa anawashibisha watoto wasio na kwingine pa kula. Ni nani awezaye kusema kwa hakika kazi ipi kati ya hizi mbili ni ndogo?

Wazee wa pwani husema mchagua nazi hupata koroma. Mtu wa makamo akisema hatashika jembe kwa kuwa alikuwa karani, au hatafundishwa na kijana kwa kuwa ana mvi, anaweza kuchagua hata mnazi ukaisha. Hata hivyo, methali hii isitumiwe kumlazimisha mwenye shida apokee kila kitu. Kuna kazi ya chini na kuna kazi chafu. Kazi ya chini hupunguza mshahara; kazi chafu hupunguza utu. Kadhalika mwenye shida ajihadhari na wale wanaomwomba fedha kwanza ili wampe kazi ya Uarabuni au ya mjini. Aliye karibu kuzama hushika chochote, na wapo wanaotega nyoka mahali pa kamba.

Wala nisikudanganye, msomaji, kwamba kusema kweli ni uganga wa kuleta kazi. Wapo waliosema kweli, wakauliza mbali na karibu, na miaka ikapita kabla hawajapata. Kama thamani ya kweli ingekuwa ni kazi tu, hawa wangekuwa wamepata hasara. Lakini mpishi wetu alikuwa amekwisha kupata kitu kikubwa jioni ile, kabla hajakutana na dereva: alipata tena kuketi na watu wake. Hata kama dereva asingetokea, jioni ile isingekuwa bure. Umaskini unaojulikana hubebwa na mikono mingi. Umaskini uliofichwa hubebwa na shingo moja.

Na wewe, mtoto wa nyumba, una wajibu gani? Mwamkie mzazi wako kama ulivyomwamkia alipokuwa na mshahara, kwa maana shikamoo haikuwa ya fedha zake. Punguza maombi yako pasipo kuombwa. Usiipeleke habari yake mahali pa mzaha, lakini ukimjua mtu awezaye kufaa, usione haya kumtajia. Mpe kazi za nyumbani zenye haja ya ujuzi wake, si kwa kumwonea huruma bali kwa kuwa kweli zamhitaji. Zaidi ya yote, usimkisie ubaya kabla hujamwuliza. Binti yule aliniambia mwaka uliofuata kwamba kilichomwumiza si karo aliyoikosa, bali miezi aliyoitumia kumchukia mtu aliyekuwa akikaa peke yake chini ya mti kwa ajili yake.

Sasa turudi kwenye swali letu. Kazi ni heshima ya mtu. Neno hili twalikubali. Lakini heshima ya kazi imo katika jinsi mtu anavyoitenda, wala haimo katika jina la mahali anapoitendea. Kutenda kwa uaminifu hakukuandikwa katika barua ya kuajiriwa; kwa hiyo hakuna barua ya kuachishwa iwezayo kukufuta. Aliyeondolewa kazini pasipo kosa amepata hasara, na ana haki ya kuhuzunika. Aibu haimhusu. Ikimjia mlangoni asiikaribishe, na sisi tulio jirani zake tusiielekeze njia.